Mkono wa Kushoto wa Robomili

Karakanani walimwita Robomili, jina ambalo hakulipenda lakini alilistahili. Ukimpelekea shafti, yaani mhimili wa chuma, iliyozidi kipimo kwa robo ya milimita, anaiweka pembeni taratibu, anajifuta mikono kwa tambara na kukwambia, "Hii kampelekee mtu mwenye haraka." Kisha anakugeuzia mgongo. Miaka ishirini na sita alisimama mbele ya mashine moja ya kukereza vyuma, dude la kijivu, zito, lililokuwepo kabla yake, na kwa miaka yote hiyo kazi alizoziharibu alikuwa akijigamba kwamba zinahesabika kwa vidole.

Basi vidole vyenyewe ndivyo vilivyokwenda. Chuma kikikerezwa hutoa nyuzi ndefu zinazojikunja, za moto na zenye makali ya wembe, na pale kwenye mashine kuna kulabu ya kuzivutia. Kila mtu aliyepita mikononi mwa Robomili alifundishwa jambo hilo kabla hajafundishwa hata kuwasha mashine: kulabu, si mkono. Siku hiyo kulabu ilikuwa hatua moja kutoka aliposimama, na yeye hakuipiga hiyo hatua. Uzi ukajizungusha kwenye mkono wake wa kulia, na mashine ikavuta. Cha shahada, cha kati na cha pete, vyote vitatu. Vikabaki kidole gumba na cha mwisho, vimekaa mbali mbali kama watu waliogombana. Mganga hajigangi, walisema wenzake, na hapo hawakukosea.

Aliyemtembelea hospitali kila siku alikuwa msimamizi wa karakana, yule waliyemwita Miwani. Walianza kazi mwaka mmoja, wakaoa mwaka mmoja, na mmoja akapanda cheo huku mwingine akikataa kupanda kwa sababu msimamizi hashiki chuma. Miwani aliketi kwenye ukingo wa kitanda, akasema lile wanalosema wote.

"Jongoo kukatika mguu mmoja hakumzuii kwenda."

"Jongoo hakerezi," Robomili akajibu.

Meneja alitaka kumaliza mambo haraka: mtu hana vidole, apelekwe stoo ya vifaa, basi. Miwani ndiye aliyemkalia kooni. Alikwenda ofisini mara tatu, na mara ya tatu akasema yeye mwenyewe amesimama na mtu huyu, likiharibika ni juu yake. Ndipo meneja akalegea. Robomili angekaa stoo miezi minane, kidonda kipone, halafu apewe mtihani kwenye mashine yake: kukereza shafti moja ya pampu na kuikata meno ya skrubu, mbele ya meneja. Akipita, mashine ni yake. Asipopita, stoo mpaka siku ya kustaafu, na hakuna mtihani wa pili. Kugusa mashine kabla ya siku hiyo ilikuwa marufuku, maana watu wa usalama kazini walikuwa wameshaandika barua.

Sijui kama umewahi kuona dirisha la stoo. Ni tundu lenye wavu, na nyuma yake rafu, na kwenye ukuta ubao wa misumari ya kutundikia vibati vya namba. Unaacha kibati, unachukua drili. Unarudisha drili, unachukua kibati. Watu aliowafundisha yeye mwenyewe kushika kisu cha mashine sasa walipanga foleni mbele yake, "Mzee, naomba drili ya kumi," naye anaitoa kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kushoto unaiangusha. Wao wanainama upesi kuiokota kabla yake. Heshima tu, wala hawakuwa na nia mbaya, lakini ule upesi wao ulimkata maini kila siku.

Mkono wa kushoto, usisahau, ulikuwa haujawahi kufanya kazi ya maana. Maisha yake yote ulikuwa wa kushikilia tu, msaidizi wa mwenzake. Sasa ulitakiwa kufunga vifungo na kuandika jina, na haukuweza. Chai ilimwagika. Shati alifungwa na mkewe, ameangalia ukutani. Mtaalamu wa mazoezi pale hospitali alimpa mpira wa kufinya, akamwambia autafutie mkono kazi nyingine, kazi ambayo ataipenda, la sivyo ataacha baada ya wiki. Mpira wenyewe aliuacha baada ya siku nne.

Hapo ndipo binti yake alipoingia. Alikuwa mtoto wao wa pekee, miaka ishirini na mbili, anafanya kazi kwenye duka la fotokopi lililotazamana na geti la karakana. Makaratasi yote ya karakana hutolewa nakala pale, pamoja na umbea wote. Mwenye duka alikuwa anatupa kompyuta moja kuukuu, na binti akaiomba, akaibeba hadi nyumbani imefungwa kwenye shuka, akaiweka juu ya meza ya kulia chakula. Ilipowashwa ilinguruma hadi vikombe vikacheza kabatini. Ndani yake hamkuwa na kitu ila mchezo mmoja, wa zamani, karibu umri wa binti mwenyewe.

"Nini hiki?" Robomili aliuliza.

"Mazoezi, baba. Kipanya unashika kwa kushoto. Na hivyo vidole viwili vya kulia vinabonyeza hapa na hapa."

"Mimi nina miaka hamsini na tatu."

"Mpira ulikuwa wa watu wa umri gani?"

Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. Robomili akavuta kiti.

Mchezo ulikuwa hivi. Kuna bwawa kubwa la maji limetelekezwa, na mwanamke mmoja, fundi wa mabomba, anashuka chini yake kwenda kufungua mageti matano kabla ukuta haujapasuka. Silaha yake ni spana. Wewe unamwona kwa nyuma muda wote, kana kwamba unamfuata hatua tano, na anakokwenda unampeleka wewe. Anaruka, anapanda ngazi za chuma, anapigana na watu waliovaa ngozi za kuzuia maji ambao sababu ya ugomvi wao hakuna aliyeielewa, kwa kuwa mchezo mzima ulizungumza lugha ambayo hakuna mtu nyumbani aliyeijua.

Siku ya kwanza alimdondosha yule mwanamke kwenye shimo moja mara kumi na tisa. Ya ishirini akavuka, akamwita binti yake.

"Njoo uangalie anavyobeba hiyo spana. Umeona bega? Bega la upande wa spana limeshuka. Na akikimbia akasimama ghafla, anateleza nusu hatua mbele. Ana uzito huyu. Aliyetengeneza hapa alikuwa fundi."

Hiyo ilikuwa sifa kubwa. Kuna watu walifanya naye kazi miaka kumi bila kuambiwa neno fundi. Nayo ilikuwa sifa ya haki. Mchezo ule haukukubembeleza wala kukuonyesha njia kwa mishale. Ukidondoka, umedondoka kwa kosa lako, unaliona kosa, unajua ulichelewa kuruka kiasi gani. Milio ya chuma ilikuwa milio ya chuma kweli: bomba tupu lililia tofauti na bomba lenye maji, na mara nyingine alijua njia kwa kugonga tu. Mtu wa robo milimita angekosaje kuupenda?

Lakini wallahi mchezo ule ulikuwa na visirani vyake. Lile jicho linalomfuata mwanamke, ambalo ndilo unaloonea kila kitu, lilikuwa na akili yake lenyewe. Wakati wa kupigana, pale unapohitaji kuona, lilijificha nyuma ya nguzo likakuonyesha saruji, nawe unasikia tu mwenzako anapigwa. Kuhifadhi ulipofikia kuliwezekana kwenye taa peke yake, na taa zenyewe zilikuwa mbali mbali; ukifa, nusu saa ya jasho imekwenda na maji. Na kabla ya geti la tatu alikaa mzee mmoja mwenye ndevu aliyetoa hotuba ya dakika mbili, hakatizwi, hanyamazishwi. Ukifa mara thelathini, hotuba mara thelathini. Mkewe Robomili aliishika yote kwa kichwa, akawa anaitoa jikoni huku akikoroga sufuria, lugha asiyoijua, na mikono juu kama yule mzee.

"Mke mwenzangu huyo vipi leo?" alikuwa akiuliza akipita nyuma ya kiti. "Miezi yote hii unamwangalia mgongo tu. Uso umeshauona?"

"Huyu hasemi sana. Ndiyo faida yake."

Sasa nikwambie kisirani kikubwa kuliko vyote, maana ndicho chenye hadithi. Kila geti lilifunguliwa kwa gurudumu la chuma. Unabonyeza, mwanamke anashika gurudumu, nawe unazungusha kipanya mezani, duara baada ya duara, kifundo cha mkono kikifanya kazi yote. Zoezi zuri ajabu. Ila gurudumu lilifunguka kwa kulia.

Kila mtu anajua, hata asiyewahi kushika spana: kulia kukaza, kushoto kulegeza. Bomba la jikoni, kifuniko cha chupa, skrubu ya kitasa, vyote ni hivyo. Mchezo ule uligeuza. Ukizungusha kushoto, geti lilijikaza na maji yakapanda; ukizungusha kulia, kufuata mishale ya saa, lilifunguka.

"Aliyetengeneza hapa," Robomili alisema siku ile ya kwanza, "si yule fundi. Huyu ni shemeji yake, kapewa kazi kwa undugu."

Alilalamika wiki mbili. Kisha akazoea. Geti la tatu ndilo lililomfundisha, na lilimla wiki sita. Chumba kinajaa maji, watu wawili wanakuja kwa nyuma, jicho limejificha kwenye nguzo, na unatakiwa uzungushe mara kumi na mbili kabla maji hayajafika puani. Hakuna nafasi ya kufikiri kulia ni wapi. Ama mkono unajua, ama umekufa na unakwenda kumsikiliza mzee wa ndevu. Jioni moja mkono ukajua. Maji yalifika shingoni, geti likafunguka, mwanamke akatoka, na Robomili akainuka kitini, akamshika binti yake mabega. Wiki hiyo hiyo alijifunga shati mwenyewe. Drili ziliacha kuanguka. Mkono wa kushoto ulikuwa umeanza kuwa mkono.

Siku chache baadaye binti, katika kupekua pekua, aligundua mahali pa kugeuza. Unaweka alama kwenye kisanduku, na gurudumu linafunguka kushoto kama magurudumu ya watu wenye akili.

"Nikugeuzie, baba?"

Robomili aliufikiria mkono wake, wiki sita za geti la tatu, na mtihani uliobakiza miezi mitatu. Aliogopa kuuvuruga. Mwanafunzi akishaelewa usimbadilishie mwalimu, ndivyo alivyoona.

"Acha," akasema. "Mkono umeshashika. Usiuchanganye."

Binti akaacha. Mara moja tu, mwezi wa saba wa ile minane, mkewe alimwambia afunge bomba la jikoni upesi maana ndoo ilikuwa inafurika, naye akalifungulia hadi mwisho, wakaloa wote watatu. Walicheka. Mkewe akasema uzee umebisha hodi. Robomili naye akacheka, akapiga deki, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Siku ya mtihani alifika karakanani saa moja kabla ya wenzake. Alifuta mashine yote, akaitia oili, akaweka kulabu pale ambapo mkono ungeigusa bila hatua. Meneja alikuja na karatasi kwenye ubao. Miwani alisimama pembeni, mikono nyuma, anamwangalia mwenzake kama mzazi shuleni.

Kwanza kukereza. Robomili alifunga kipande kwenye taya za mashine, akawasha, akapeleka kisu taratibu. Kwenye mashine hiyo kuna kigurudumu kidogo mbele yako: ukizungusha kulia kisu kinaingia kwenye chuma, ukizungusha kushoto kinatoka. Miaka yote kigurudumu hicho kilikuwa cha mkono wa kulia. Sasa alikishika kwa kushoto, na kwa kuwa kazi hii haina haraka, kila mzunguko aliufikiria kabla hajaufanya. Nyuzi za chuma zilitoka nyembamba na za sawasawa. Alisimamisha, akapima. Miwani akapima. Meneja, ambaye hakuwa fundi, akamwangalia Miwani usoni.

"Iko ndani ya sehemu moja ya mia ya milimita," Miwani alisema. "Hata ile robo haijaifikia."

Watu waliokuwa wamejifanya wana shughuli jirani waliacha kujifanya. Robomili hakutabasamu, lakini alisikia kifuani kitu ambacho hakukisikia tangu siku ya ajali. Alikuwa amerudi. Hivyo ndivyo alivyojisemea, nimerudi.

Yakabaki meno ya skrubu. Hapo kisu kinavutwa na mashine yenyewe, kinakwenda kasi kuelekea kwenye bega la shafti, mahali ambapo chuma kinanenepa ghafla. Kikifika unacho kitambo cha kupepesa jicho tu: mkono mmoja unaachia wenzo ili mashine iache kukivuta kisu, mwingine unazungusha kigurudumu kushoto na kisu kinatoka. Ukichelewa, umegonga bega. Mkono wake wa kulia, kiganja na vile vidole viwili, ulikaa kwenye wenzo. Wa kushoto ukashika kigurudumu. Akawasha.

Kisu kilikuja. Bega likakaribia. Alisikia ile hofu ya dakika ya mwisho, na mkono ukafanya kile ulichofundishwa kufanya mtu akitaka kutoka. Ukazungusha kulia, duara zima, kwa nguvu na kwa uhakika, bila kusita hata kidogo.

Kisu kiliingia kwenye chuma chote kilichokuwa mbele yake. Mlio wake ulisikika hadi barabarani. Kisu kikavunjika, shafti ikapinda na kung'oka kwenye taya, ikapiga kikinga cha chuma na kuanguka sakafuni ikiruka ruka. Kitu fulani ndani ya mashine kikakatika kwa sauti nzito, halafu mashine ikawa inazunguka bure mpaka Miwani alipoifikia na kuizima.

Hakuna aliyeumia. Meneja aliokota kalamu yake, akaandika neno moja kwenye karatasi na kuondoka. Wale wengine walirudi kwenye kazi zao bila kuangaliana. Miwani alibaki, ameinamia kile kigurudumu, anakisoma. Nambari za kipimo zilizochongwa kukizunguka zilikuwa palepale zilipoachwa.

"Umekipeleka ndani," alisema. "Duara zima, ndani. Kwa nini umekipeleka ndani?"

Robomili alifungua mdomo. Aseme nini? Aseme kuna mwanamke wa kwenye kompyuta, na kuna mageti? Mtu mzima, fundi mkereza wa miaka ishirini na sita, aseme mchezo wa watoto umemfundisha kukaza kuwa ni kulegeza?

"Mkono umeteleza," alisema.

Miwani alijua, na yeye alijua kwamba Miwani anajua, mkono hautelezi duara zima. Mkono unaoteleza unateleza robo, unateleza nusu. Msimamizi alivua miwani yake, akaifuta, na bila hiyo uso wake ulikuwa wa mtu mwingine, mzee na aliyechoka.

"Umesahau kazi," akasema. Hakuwa na hasira. Ingekuwa nafuu angekuwa na hasira.

Robomili alitembea hadi nyumbani kwa miguu. Njiani ndipo alipoyaelewa yote, hatua kwa hatua, tangu kompyuta ilipofungwa kwenye shuka. Alielewa pia lile lililokuwa baya kuliko stoo: binti alikuwa nyumbani anasubiri, na jambo la kwanza atakalouliza ni hilo.

Na ndilo aliloliuliza. Alimwona baba yake mlangoni, akajua, akamkalisha, akamletea maji. Mama yake alisimama kwenye mlango wa jikoni.

"Baba, au ni mazoezi? Pengine mazoezi hayakufaa?"

"Mazoezi ndiyo yaliyonifikisha pale," Robomili alisema. "Shafti niliitoa safi, kamuulize mtu yeyote. Mwisho nguvu ziliniishia. Mkono haujakomaa tu."

Binti alivuta pumzi, na baba akaona jinsi lile lililokuwa limemkaba linavyomwachia. Alikuwa tayari amejihukumu, maskini. Kisha akafuta macho, akasema kwa ule ukaidi aliourithi kwake, "Basi tutauongezea nguvu. Geti la nne bado, na la tano. Hata stoo unahitaji mkono." Robomili angesema nini? Kuacha kucheza siku ile kungekuwa sawa na kumwambia. Akasogeza kiti.

Mashine ya kijivu haikutengenezwa. Kilichokatika hakikupatikana dukani, na mwezi uliofuata watu walikuja na gari la vyuma chakavu. Robomili aliitazama ikipakiwa kutoka kwenye dirisha la wavu. Miwani aliisimamia kazi hiyo, na alikuwa hajaongea naye tangu siku ya mtihani ila kwa mambo ya drili na vibati. Meneja alikuwa amemkumbusha ni nani aliyesimama na nani.

Jumamosi moja alasiri, baada ya miezi miwili hivi, Miwani akabisha hodi. Alisema alikuwa anapita, lakini hakuna mtu anayepita mtaa ule. Mkewe Robomili akamkaribisha kwa furaha yote, "Shemeji, umetutupa kama jongoo na mti wake," akamtengea kiti. Wanaume wawili wakaulizana habari za nyumbani, wakamaliza. Binti ndiye aliyeokoa hali, au ndivyo alivyodhani.

"Ba'mdogo, hujaona mazoezi ya baba. Baba, muonyeshe geti la nne. Utashangaa mkono wake ulivyo mwepesi."

"Leo hapana, mwanangu," Robomili alisema.

"Dakika mbili tu." Alishawasha. Kompyuta ikanguruma, vikombe vikaanza kucheza. "Alianza kwa kudondosha vikombe, ba'mdogo. Huu mchezo ndio uliomrudishia mkono. Mimi nawaambia hata wateja dukani."

Robomili alikaa. Yule mwanamke akashuka ngazi, bega la spana limeshuka, akafika kwenye chumba na maji yakaanza kupanda. Miwani alivuta kiti karibu, kwa adabu ya mgeni, akaangalia kioo. Kisha akaacha kuangalia kioo. Mkereza haangalii picha, anaangalia mkono, na mkono ulikuwa unazunguka mezani, duara, duara, duara, kulia. Kwenye kioo geti lilikuwa linafunguka.

Aliangalia mpaka geti likaisha kufunguka. Alipoinua macho, alikutana na macho ya mwenzake yakimsubiri, na Robomili akatikisa kichwa. Kidogo tu, mara moja.

"Umeona?" binti aliuliza. "Umeona, ba'mdogo?"

Miwani alimgeukia binti.

"Nimeona," alisema. "Umemsaidia sana baba yako."

Robomili alimsindikiza hadi nje ya ua. Walisimama, hakuna aliyemwangalia mwenzake.

"Kumbe hukusahau," Miwani alisema.

"Sikusahau."

"Na mimi nikakwambia umesahau kazi." Akageuka kumtazama. "Jumatatu nakwenda kwa meneja. Kuna ile mashine ndogo ya ukutani. Nitamweleza, ataelewa. Hili ni jambo la kurekebishika, wiki tatu nne tu."

"Utamweleza nini?"

"Kweli."

"Ukimweleza meneja, karani wake atajua. Karani akijua, ataijua karakana nzima, na makaratasi ya karakana yanatolewa fotokopi wapi?"

 Msimamizi akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. Alianza kusema kitu kuhusu miaka saba iliyobaki, ni mingi, mtu hawezi kukaa kwenye dirisha la wavu miaka saba kwa sababu ya fotokopi. Robomili akamwambia anaweza. Wakapeana mikono, ya kushoto, kama walivyokuwa wakifanya tangu ajali, na Miwani akaushikilia ule mkono muda mrefu kuliko desturi.

Aliporudi ndani, binti alikuwa amemwachia kiti na kipanya kimewekwa upande wake. Alimwambia amehifadhi kwenye taa, kwa hiyo limebaki geti moja.

"Sawa, mwanangu," alisema, akakaa.